Chula Imebika

Dokta Nabwire aliniambia nina kitu tumboni, kikubwa kama chungwa, na kwamba huenda ni uvimbe, huenda ni mtoto. Alisema hayo huku akiandika, macho yake yako kwenye karatasi. Nilitamani kumnyang'anya ile kalamu. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, ameolewa miaka kumi na miwili, mimba tatu zimemtoka, hata jina la Mama Fulani hajawahi kuitwa, halafu unamwambia huenda hiki, huenda kile, kama mtu anayechagua kitambaa dukani!

"Sasa ni kipi?" nikamuuliza.

"Mkono peke yake hauwezi kuniambia, mama. Wewe unatoka damu kidogo kidogo, hiyo ni kama uvimbe. Lakini siku zako imepotea miezi mitatu, hiyo ni kama mimba."

"Si unipime?"

Alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. Alikuwa msichana tu, wa kutoka Busia, na wodi nzima ilikuwa imemwangukia yeye kwa sababu wakubwa zake walikuwa wametoroka mmoja mmoja. Dawa ya kupimia mimba ilikuwa inatoka ng'ambo, na mwaka ule wa sabini na tano vitu vya ng'ambo tulikuwa tunavisikia kwa masikio. Hospitali haikuwa na sabuni, itakuwa na dawa hiyo? Daktari wa upasuaji alikuwa amebaki mmoja, naye Ijumaa ijayo alikuwa anapanda ndege kurudi kwao moja kwa moja. Kwa hiyo jina langu liliandikwa kwenye orodha ya Alhamisi. Kama ni uvimbe, wangeutoa pamoja na kizazi, ningepona. Kama ni uvimbe na nikakataa kisu, siku moja damu ingefunguka na kusingekuwa na wa kunishona. Na kama ni mtoto, Alhamisi wangemtoa mtoto wangu wamtupe, na baada yake asingekuja mwingine.

Nilipewa kikaratasi nipeleke maabara nitolewe damu. Huko nilimkuta mzee mmoja mwenye koti jeupe lililokuwa jeupe zamani. Hospitali nzima ilimwita Salongo, jina ambalo Waganda humpa baba wa mapacha, na yeye alikuwa amepata mapacha mara mbili. Alisoma kikaratasi changu, akakisoma tena, akafunga mlango.

"Nyabo," akaniambia, kwa heshima ya Kiganda, "wewe unaogopa chula?"

Chura? Nikadhani ananitania. Nilikuwa tayari kumjibu vibaya.

"Chula! Chula ya maji, ile iko na kucha kwa mguu." Akanionyesha kwa vidole. "Zamani, mimi kijana, hakuna dawa ya chupa. Sisi tulikuwa na tangi ya chula hapo nje. Unachukua mkojo ya mama, unapiga chula jike sindano. Kama mama iko na mimba, chula inatoa mayai siku hiyo hiyo. Kama hakuna, chula inakaa tu, inakuangalia."

"Salongo, mimi ni mgonjwa. Usinichezee."

"Kweri tupu! Wazungu walifanya hivyo hivyo. Dawa ya chupa ilikuja, wakavunja tangi. Lakini chula hawajasahau kazi yao." Akanipa kibuyu kidogo cha plastiki. "Leta chula jike tatu Jumatatu, zipumzike. Jumanne asubuhi leta mkojo ya kwanza. Saa kumi jibu iko."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilirudi Naguru, kwenye nyumba za polisi, nikiwa na kibuyu mkobani na bila neno la kumwambia mume wangu.

Mume wangu, Koplo Ogwal, alikuwa kazini zamu ya simu kituoni. Na kwa Kilango, lugha yetu, ogwal ni chura. Walimpa jina hilo alipozaliwa msimu wa mvua, vyura wakiwa wanapiga kelele hata mama yake akashindwa kusikia kilio chake. Kwa hiyo jioni aliporudi nikamweleza kwamba Salongo anataka vyura, aliona anachezewa.

"Ni wewe uliyemwambia jina langu?" akauliza.

"Hajui jina lako."

"Alum, mtu mzima ananituma nikakamate jamaa zangu?"

Nilicheka, na kucheka kukanipasua, nikalia papo hapo. Ogwal si mtu wa maneno. Alichukua tenga la samaki, akaenda kuomba kipande cha mapafu ya mbuzi kwa mpishi wa mesi, na Jumapili baada ya misa akavaa kaptula. Nilimwambia siwezi kubaki nyumbani nikihesabu mabati. Nilibeba ndoo nikamfuata.

Tulishuka mpaka bwawa la Kinawataka, chini ya Ntinda. Mvua za Oktoba zilikuwa zimelijaza. Ogwal aliingia mpaka mapajani, akazamisha tenga lenye yale mapafu, akasimama kimya huku matope yakimpanda. Nikiwa ukingoni nilimwangalia huyu mwanaume mwenye cheo, mwenye buti linalong'aa kila asubuhi, akinong'ona na tenga. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Majike ni makubwa kuliko madume, na nyuma yana vinyama vitatu vidogo. Salongo alikuwa amenieleza tuvitazame, na kila Ogwal alipomgeuza chura juu chini alikuwa anaomba radhi.

Tulipata wanne. Tulifunika ndoo kwa kitenge changu, tukapanda kurudi.

Kizuizi kilikuwa kimewekwa barabarani wakati tuko bwawani. Askari jeshi watatu na gogo. Moyo wangu ulishuka mpaka magotini, na nitaeleza kwa nini. Siku zile jina la Kilango kwenye kitambulisho lilikuwa si jina, lilikuwa mashtaka. Rais aliyepinduliwa alikuwa wa kabila letu, kwa hiyo ndugu zetu waliokuwa jeshini walikuwa wamechukuliwa wengi, na polisi waliobaki walitembea wakijifanya wafupi.

Mkubwa wao alisoma kitambulisho taratibu. "O-gwal. Wewe Lango?"

"Ndiyo, afande."

"Toka wapi na matope?"

"Bwawani, afande."

"Nini iko kwa ndoo?"

Ogwal alinyamaza. Najua kwa nini: aliona aibu kulitaja tumbo langu mbele ya wanaume. Lakini kunyamaza mbele ya bunduki ni kujichongea, nami mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki.

"Ni vyura, afande," nikasema. "Wa kupimia mimba."

"Nini?"

"Mimba. Yangu. Hospitali hakuna dawa, kwa hiyo wanatumia chura."

Mkubwa alinusa kama anayenusa pombe. "Huyu mwanamke iko wazimu," akasema, akavuta kitenge kwa ncha ya bunduki. Chura mmoja akaruka, akatua kwenye buti lake, akaruka tena akaingia majanini. Mkubwa naye akaruka. Hapo askari wa tatu, Mualuru ambaye lugha yake na yetu zinasikilizana, alishika tumbo. Alikuwa amekisoma kitambulisho kwa juu ya bega la mwenzake.

"Afande! Afande, jina ya hii mtu! Ogwal ni chura! Chura amekamata chura!"

Akacheka mpaka akaketi kwenye gogo. Wa pili akacheka kwa sababu wa tatu anacheka. Mkubwa alijitahidi asicheke, mabega yakamsaliti. Alimrudishia Ogwal kitambulisho chake.

"Pita," akasema. "Pita na ukoo yako."

Tulipofika mbali Ogwal aliweka ndoo chini akatapika kando ya barabara. Nilimfuta uso kwa kitenge kilekile cha vyura. Tulibaki na watatu, na ndio Salongo aliowataka.

Jumatatu niliwapeleka. Jumanne alfajiri nilipeleka kibuyu, nikakikabidhi kama mtu anayekabidhi mali ya serikali, nikamwachia Salongo namba ya simu ya kituo, na kufika saa moja na nusu nilikuwa nimerudi nyumbani. Kutoka hapo mpaka saa kumi jioni. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba saa zinaweza kunona namna ile.

Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi sare za maofisa. Nikatia makaa kwenye pasi, nikaanza. Nilimaliza sare kufika saa tatu. Nikapiga pasi mashuka. Nikapiga pasi foronya, soksi za Ogwal, kisha mkono ukaenda kwenye matambara ya kudekia. Nilikuwa nahesabu mikunjo: ukinyooka mara moja ni mtoto, usiponyooka ni uvimbe. Halafu naghairi, naanza upya. Nilijigusa tumbo, nikajilaumu kwa kujigusa. Nilimpa jina, nikamnyang'anya jina. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa hivi: kwamba tayari nilikuwa nimempenda, na huenda nilikuwa nimependa nyama tu.

Aoko alinikuta nikipiga pasi kitambaa cha sufuria. Aoko alikuwa jirani, Mjaluo wa Kenya, aliyekuwa na genge la chakula nyuma ya nyumba zetu. Mumewe alikuwa fundi mitambo kiwandani. Habari ya vyura nilikuwa nimemweleza. Alisimama mlangoni akakitazama kile kitambaa.

"Dada," akasema, "nyinyi Walango hamjui kupika ugali."

"Umesemaje?"

"Ule wa wimbi mnaopika. Mweusi kama lami. Ng'ombe wetu hawezi kula."

Niliweka pasi chini. Nikamweleza juu ya ugali wao mweupe, usio na ladha wala faida, na mtu akishaula anasikia njaa kabla hajanawa mikono. Akanijibu. Nikamjibu. Akaingia ndani, akavuta kigoda, akasema wanaume wa Kilango hawajui kucheza ngoma. Nilipanda mpaka dari. Tukatoka kwenye ngoma tukaingia kwenye mahari, tukatoka kwenye mahari tukaingia kwenye samaki yupi anakaangwa na yupi anachemshwa. Saa saba alikuwa bado ananitukania babu zangu, na ndipo nilipotambua kwamba genge lake lilikuwa limefungwa siku nzima na kwamba huyu mwanamke hakuwa na ugomvi wowote na mimi.

"Aoko, unafanya nini?"

"Nagombana na wewe. Mtu anayegombana hawezi kuogopa. Mimi nilijifunza nikiwa kwetu Kenya nangoja barua ya mume wangu, mwaka ule mpaka wa nchi ulifungwa. Niligombana na kila mtu mpaka barua ikaja." Akanikazia macho. "Haya, endelea. Ulikuwa unasema sangara si samaki."

Nikaendelea. Sitasema hofu iliondoka, lakini ilibidi isimame kwenye foleni ingoje zamu yake.

Saa kumi na robo nilimwona Ogwal anapanda kilima kutoka kituoni. Kofia ilikuwa mkononi. Polisi havui kofia njiani. Nilijua kabla hajafika.

Alikaa kwenye kizingiti. Alizungumza Kilango, pole pole, kama mtu anayeshusha mzigo asiuvunje.

"Salongo amepiga simu kituoni. Laini ilikuwa mbaya, ikakatika. Lakini nimesikia alichosema. Amesema mara mbili."

"Amesema nini?"

"Chula imebika."

Sisi hatukujua Kiganda. Maneno ya sokoni tu, na salamu. Lakini hilo neno kila mtu wa Kampala alilijua, kwa sababu kila mchana redio ilisoma matangazo ya vifo kwa Kiganda, na huko ndiko lilikokaa: kubika. Fulani wa mahali fulani anabika kifo cha mama yake. Familia fulani inabika kifo cha mtoto wao. Tulilisikia kila siku sufuria zikiwa jikoni. Kubikwa nako kulikuwa bahati. Waliochukuliwa kwenye magari hakuna aliyewabika, maana nani angethubutu kupeleka jina lao redioni?

"Chura imebika," nikarudia. Basi. Mzee wa watu alikuwa ameona haya kusema kwa Kiswahili kwamba hakuna mtoto, akachukua neno la msiba. Chura ametangaza kifo.

Ogwal alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti. Hakulia. Alikuwa anapumua tu, kwa nguvu, kama aliyekimbia. Aoko alinishika kiwiko. Niliwaza Alhamisi. Niliwaza kisu, na kizazi kwenye beseni, na mimi nikirudi nyumbani mwepesi, nipige pasi sare za watu mpaka nizeeke.

Halafu nikakasirika. Sina njia nyingine ya kulieleza. Chura, mnyama niliyembeba mwenyewe kwa mikono yangu, ndiye wa kunitangazia msiba kwa simu? Kupitia laini mbovu? Mimi nikae nipokee?

"Nakwenda kumwona," nikasema.

"Kumwona nani?" akauliza Aoko.

"Chura."

Ogwal aliinua kichwa. "Alum, kaa chini. Umeshachoka."

"Akanitangazie usoni."

Yeye alibaki kizingitini; hakutaka kuambiwa mara ya tatu. Aoko alinifunga leso kiunoni bila kuuliza, akatoka mbio barabarani, akamsimamisha dereva wa gari la polisi aliyekuwa anapeleka mafaili mjini. Sijui alimwambia nini. Alipofungua mlango yule dereva alikuwa ananitazama kama yai.

Salongo alikuwa anavua koti mimi na Aoko tulipoingia maabara. Alipotuona uso wake ulifunguka wote.

"Nyabo! Umepata habali yangu?"

"Nimepata!" Nilipiga meza. "Wewe mzee mzima! Unambikia mume wangu kwa simu! Huna hata pole? Huwezi kuja, huwezi kutuma mtu, unasema imebika halafu unakata?"

Salongo alirudi nyuma hatua moja. Akamtazama Aoko. Akanitazama mimi.

"Kubika? Nani amekufa?"

"Si wewe uliyesema!"

"Mimi nilisema chula imebiika."

"Ndiyo! Imebika!"

"Siyo imebika! Imebii-i-ika!" Alilivuta neno kwa mikono miwili, kama mtu anayepima uzi. "Kubika ni ya ledio, ya mtu kufa. Kubiika ni ya kuku! Kuku inabiika, asubuhi unakula yai! Banange, hamkusikia? Nilivuta kabisa!"

Laini mbovu ndiyo iliyolikata. Kwa Waganda urefu wa sauti moja ni tofauti ya yai na maiti, na sisi watu wa kaskazini tulikuwa hatuna sikio hilo.

Akanishika mkono kunipeleka dirishani. Palikuwa na mitungi mitatu ya kioo. Ndani ya wa kwanza yule chura wetu mkubwa alikuwa ametulia, miguu ameitandaza, na chini yake, juu yake, kila mahali kwenye maji yale kulikuwa na vitu vidogo, vyeusi upande huu na vyeupe upande ule, vingi kama wimbi lililomwagika. Mtungi wa pili vilevile. Mtungi wa tatu ulikuwa maji matupu na chura anayetukodolea macho.

"Na huyu?" akauliza Aoko. "Mbona huyu hakutaga?"

"Huyo nilimpiga sindano ya mkojo yangu mwenyewe," akasema Salongo. "Lazima ujue kama chula inadanganya. Hii haidanganyi. Imesema mimi sina mimba."

Sikumbuki nani alianza. Najua tulikuwa chini sakafuni, mimi na Aoko, tunacheka na kulia kwa pamoja, na Salongo anatuambia tuinuke sakafu ni baridi, na mimi nampiga kwenye goti kwa mkoba wangu: "Umeniua, Salongo. Umeniua saa nzima, mzee wewe." Furaha yenyewe ilikuwa inauma. Ilinijia mbavuni kwanza, kama kichomi, ndipo ikafika kichwani nikaielewa.

Dokta Nabwire aliitwa. Aliinama kwenye mtungi wa kwanza, akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Akarudi wa kwanza. Akamuuliza Salongo maswali matatu kwa Kiingereza, Salongo akamjibu akiwa amesimama wima kama kuruta. Kisha akatoa orodha ya Alhamisi mfukoni, akatafuta jina langu, akalipiga mstari. Safari hii alinitazama.

"Nisamehe, mama," akasema. "Ningekupeleka kwa kisu."

Nilikuwa na maneno yangu makali niliyoyaandaa kwa ajili yake tangu Jumamosi. Yaliisha yote. Aliyekuwa mbele yangu ni mtoto wa watu aliyeachiwa wodi peke yake.

"Ulikuwa hujaambiwa na chura," nikamjibu.

Alicheka akajifuta macho. Halafu akanieleza ukweli, na nilimshukuru kwa hilo. Damu bado inatoka. Nilale, nisibebe maji, pasi nisiiguse. Hawezi kuniahidi kwamba huyu atakaa ambapo wenzake hawakukaa. Anaweza kuniambia tu kwamba leo yupo.

"Leo inatosha," nikasema.

Dereva alipitia kuturudisha. Njia nzima nilikuwa nimeshika tumbo kwa mikono miwili bila aibu, na bila kujilaumu.

Tulipokaribia nyumba niliona watu. Viatu vilikuwa vimevuliwa vingi mlangoni, na wanawake wa nyumba za polisi walikuwa wameketi chini uani, migongo ukutani, leso vichwani. Walikuwa wamemkuta Ogwal kwenye kizingiti kofia mkononi. Wamemuuliza kuna nini, naye amewajibu neno lile alilolipata. Siku zile mtu hakuuliza mara mbili. Walikuwa wameleta kuni. Mmoja alikuwa ameshaweka maji ya chai motoni. Wote walikuja kumlilia mtoto ambaye hata hajawa na miezi minne.

Ogwal aliniona nashuka garini. Alinitazama usoni, akatafuta, na nikaona anaogopa kukiona anachokiona.

Sikujua kulisema vizuri. Nilisema kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Mtoto yupo. Tulisikia vibaya. Yupo."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Hawakuamini. Aoko ndiye aliyewaeleza, na mitungi, na mayai, na mkojo wa Salongo, akilivuta lile neno kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, mpaka kicheko kikaanzia upande mmoja wa ua kikaenda upande wa pili. Ogwal hakucheka. Mwanaume ambaye hakutoa chozi kwa habari mbaya alinipigia magoti hapo hapo mbele ya majirani, akaweka paji la uso wake tumboni mwangu, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Nilimshika kichwa. Nilimwacha alie.

Aliyekuwa karibu na jiko ni Adyero. Mumewe, sajini, walimchukua mwezi wa nne kwenye lango la kituo, mchana, mbele ya watu, na hakubikwa popote. Hakukaa matanga, kwa sababu kukaa matanga kungekuwa kusema amekufa, na kusema amekufa kungekuwa kuuliza nani kamuua. Tangu siku ile hakukosa msiba wa mtu hata mmoja. Alikuja wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na kila mtu alijua alikuwa anamlilia nani.

Aliinuka taratibu, akatoa leso kichwani, akaikunja, macho yake mekundu yananitazama mimi. Mimi nilitaka kumwomba radhi, sijui radhi ya nini.

"Nimekaa hapa saa nzima nalia," akasema. Kisha uso wake ukafanya jambo ambalo sikuliona tangu mwezi wa nne. Ulitabasamu. "Mwaka mzima huu, ndiyo mara ya kwanza nalia bure."

Akageuka kwenye jiko, akauliza nani ana sukari.